Mbegu ya Pigahodi

Mbegu hainyimwi mtu. Apolonia aliikuta kanuni hiyo kijijini Michenga alipoolewa, akaishika kwa miaka mingi, akaja kuivunja mara moja tu. Chumvi unaweza kumnyima jirani ukasema imekwisha. Jembe unaweza kumnyima ukasema mpini umelegea. Lakini anayekuja kuomba mbegu humuulizi ataipanda wapi, wala humtajii bei. Unamwambia atandaze khanga yake chini, unammiminia kutoka kwenye ungo kwa mkono wako mwenyewe, na yeye hagusi punje mpaka umemaliza. Deni lake ni moja: akivuna, wali wa kwanza wa mpunga huo unarudi kwa aliyempa, umeiva, kwenye bakuli lililofunikwa. Wenyewe waliuita wali wa kurudisha.

Aliyemfundisha hayo ni mama mkwe wake, Theresia, Mndamba mwenye maneno machache na mkono mwepesi kwenye kinu. Theresia alikuwa na mpunga wake ambao watu waliuita Pigahodi. Bua lake lilikuwa refu, suke liliinama mapema, na kila punje ilikuwa nyembamba yenye mstari wa kahawia ubavuni. Haukuwa mpunga wa kumtajirisha mtu. Ulizaa kiasi, upepo ukivuma ulilala, na ndege waliupenda kuliko mwingine wowote bondeni. Lakini ukiwekwa jikoni, harufu yake ilitoka mlangoni ikavuka uwanja, na mtu aliyekuwa akienda zake alikumbuka ghafla kwamba ana salamu za kuleta. Jina lilitoka hapo.

Theresia alikuwa na watoto wawili: Nazari, mume wa Apolonia, na binti yake Dativa. Dativa aliolewa na Gasper, mkata miwa aliyetoka Kigoma, akaenda kuishi naye kwenye kambi ya wafanyakazi upande wa Kidatu, mahali ambapo hata mchicha ulipandwa kwa ruhusa. Hakuwa na shamba. Ndiyo maana Theresia alipoona siku zake zimekaribia, alimwita mkwewe akamkabidhi kibuyu cha mbegu.

"Dativa hana pa kuiweka," alisema. "Itunze wewe. Akipata udongo, mpe."

Apolonia hakuwahi kudai kwamba aliyasahau maneno hayo.

Aliitunza mbegu kama alivyoagizwa. Wakati wengine walipohamia saro, mpunga wa kisasa, kwa kuwa saro inazaa na wanunuzi wa mchele wanaijua, yeye aliendelea kutenga kipande chake cha Pigahodi kando ya mfereji. Kila mavuno alichagua masuke ya katikati ya shamba, akayapukuchua kwa vidole, akazitia punje kwenye kibuyu, akakiziba kwa majivu na kukining'iniza juu ya moshi wa jiko. Mwishowe ilifika mahali hapakuwa na mwingine Michenga mwenye mbegu hiyo, wala hapakuwa na wa kuiomba. Watu walipenda kuula kwake zaidi kuliko kuupanda kwao.

Kisha akaja Amedeus.

Alikuja na gari jeupe, akiongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa kijana mpole. Alimwamkia Nazari shikamoo huku ameinama, akavua viatu kabla hajakanyaga jamvi, akala wali wa Pigahodi sahani mbili. Alisema kazi yake ni kukusanya mbegu za asili zisije zikapotea.

"Mtaziweka wapi?" Apolonia aliuliza.

"Kuna chumba cha baridi, mama."

"Mbegu inakaa kwenye baridi?"

"Inalala tu. Siku ukiitaka, unaiamsha."

Kijana hakuwa na khanga. Alifungua mfuko wa kaki, na Apolonia akammiminia humo kwa mkono wake. Hakumuuliza zaidi, kwa maana mbegu hainyimwi mtu. Alimwambia tu, "Ukivuna unajua cha kurudisha," na mwenyekiti akamfafanulia. Amedeus akacheka vizuri, akasema atarudi na sufuria nzima. Aliacha namba ya simu.

Hakurudi. Huenda alihamishwa, huenda alisahau. Wapo watu wema wanaosahau. Lakini mtu anayekula kwako sahani mbili na kuondoka na mbegu ya ukoo wako amefunga ahadi, na ahadi haipotei kwa sababu aliyeitoa ana mambo mengi.

Misimu michache ikapita. Siku moja Apolonia alikwenda Ifakara, duka la pembejeo la Lipangalala, kutafuta dawa ya viwavi. Aliyekuwa akiuza pale ni Siwema, binti wa Dativa, msichana mchangamfu aliyemaliza chuo cha kilimo.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Hizi pakiti nazo ni za nini?"

"Mzigo mpya huo. Mpunga wa harufu, chotara, unazaa kuliko saro. Watu wanaugombea."

"Harufu ya nini?"

"Ya mpunga, anti. Wewe ulitaka ya marashi?"

Apolonia hakucheka. Aliigeuza pakiti akasoma mgongoni polepole, kidole kikifuata mstari. Iliandikwa kwamba mbegu hiyo ni mali ya mgunduzi wake na inalindwa na sheria. Kwamba ni marufuku kuizalisha, kuigawa au kuiuza bila idhini ya maandishi. Kwamba mkulima anunue mpya kila msimu.

"Nioneshe punje."

Siwema alimmwagia kiganjani chache kutoka kwenye pakiti iliyopasuka. Zilikuwa zimepakwa dawa ya rangi ya waridi. Apolonia alikwangua moja kwa ukucha. Chini ya rangi aliona mstari wa kahawia, au alidhani ameuona.

"Mama yake ni nani?"

"Mama wa nani?"

"Wa hii mbegu. Kila mbegu ina mama."

"Anti, hapa wameandika mgunduzi," Siwema alisema. "Mama hawajamwandika."

Tangu siku hiyo Apolonia hakulala vizuri na neno hilo, mgunduzi. Ndege hujifunza kuujua mpunga mtamu kuliko mwingine, na hakuna anayemwita ndege mgunduzi. Mama mkwe wake aliipokea Pigahodi kwa mama yake, naye kwa wa kwake, na katika wanawake wote hao hakuna aliyesema ameitunga. Alijaribu namba ya Amedeus. Haikupatikana. Alimwomba Nazari ajaribu kwa simu yake, nayo haikupatikana.

Swali lake lilikuwa halali. Anayechukua kitu kinachoota kwa Mungu na kinachotunzwa na mikono ya watu, akakigeuza kidogo na kukizungushia sheria, anapaswa kuulizwa alikitoa wapi. Apolonia alistahili jibu. Kosa lake lilianza pale alipokosa wa kumuuliza, akaanza kuwaangalia waliokuwa karibu.

Mashine ya kukoboa ya Michenga ndiyo mahali habari husagwa pamoja na pumba. Siku ya foleni ndefu, Eustaki, jirani yao mwenye mdomo, alikuwa akiwaeleza watu kuhusu mbegu za kisasa.

"Wanazichoma sindano maabara," alisema. "Wanatia vinasaba vya panya. Ukizila muda mrefu unaacha kuzaa."

"Wewe hujazila na bado hujazaa," Nazari alimwambia.

"Mimi nilizinusa tu, shemeji. Zikanidhuru."

Watu wakacheka. Eustaki akangoja wamalize, akashusha sauti. "Chekeni. Kuna mbegu wanazifunga uzazi. Unaiona ni mbegu, unaipanda kama mbegu, imekufa ndani. Ndivyo wanavyolinda mali yao. Hata ukiiba, umeiba pumba."

Eustaki alichanganya mambo kama anavyochanganya siku zote. Mbegu chotara ni kitu kimoja, iliyobadilishwa vinasaba ni kitu kingine, na iliyozuiwa na sheria ni cha tatu. Mbegu inaweza kuwa mojawapo bila kuwa hizo nyingine. Wengi waliokuwepo hapo walisahau maneno yake kabla mchele wao haujapoa. Apolonia hakuyasahau. Alibeba moyoni lile moja: unaiona ni mbegu, imekufa ndani.

Mavuno hayo hakuruhusu akina mama wenzake kuokota masazo shambani mwake. Aliyaokota mwenyewe mpaka suke la mwisho, mgongo ukimuuma. Nazari alimuuliza kuna nini. "Wezi wamekuwa wengi," alijibu, na Nazari, ambaye mpunga kwake ulikuwa mpunga, hakuendelea kuuliza.

Mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zikinukia, Dativa alikuja Michenga na Siwema. Gasper alikuwa ameacha kazi ya miwa, na kwa mafao yake wamepata shamba Kiberege, upande wa mlimani, mahali maji ya mto hayafiki. Dativa alikuwa amenenepa kidogo na uso wake uling'aa kama wa bibi harusi.

"Wifi," alisema hata kabla ya kukaa, "nimepata udongo."

Apolonia alisikia maneno ya marehemu ndani ya maneno hayo. Alimkaribisha, akamletea maji ya kunywa, akauliza habari za Gasper na za safari. Wakati wote huo jicho lake lilikuwa kwa Siwema. Msichana alikuwa ameingia jikoni bila kuombwa, amesimama chini ya kibuyu, na simu yake ameielekeza juu.

"Unapiga picha ya nini?"

"Ya kibuyu cha bibi, anti. Kimependeza na huo moshi." Akarudi nje akicheka. "Ila mngeisajili hii mbegu. Siku hizi anayewahi kusajili ndiye mwenye mali. Mtalala mkiamka mnakuta si yenu."

Alisema kwa nia njema. Alikuwa amesoma, na alimwambia ndugu yake kile alichokijua. Lakini katika moyo wenye shaka, nia njema na nia mbaya huvaa nguo za aina moja. Apolonia aliona kila kitu kimepangwa: duka la pembejeo, pakiti ya waridi, shamba jipya, picha, na mtoto anayejua njia ya kusajili. Hata ile furaha ya Dativa aliiona kama furaha ya mtu aliyeahidiwa kitu.

"Mbegu imekamata unyevu," alisema. "Niianike kwanza. Njoo Jumamosi."

"Hata kidogo tu, wifi. Mkono mmoja unanitosha kuanzia."

"Jumamosi nitakupa ya kutosha."

Siku iliyofuata Nazari alikwenda Ifakara kuchonga meno ya jembe la ng'ombe. Apolonia alishusha kibuyu, akatoa kiasi cha kujaza ungo, akaweka sufuria jikoni. Maji yalipoanza kuimba aliyaepua. Hakuyaacha yatokote, kwa maana punje ikipasuka, siri nayo imepasuka. Akaimimina mbegu humo, akafunika, akakaa kwenye kigoda akitazama mfuniko ukitoa jasho. Kisha akazichuja, akazitandaza juani kwenye jamvi, akazigeuza kwa mkono mpaka zikakauka, akazirudisha kwenye moshi zipate harufu ya zamani. Kwa macho zilikuwa mbegu. Zilikuwa na mstari wao wa kahawia.

Alijitetea mwenyewe alipokuwa akizigeuza. Sijamnyima, aliwaza. Kanuni inasema mbegu hainyimwi mtu, nami nitampa. Kama ni mwaminifu nitampa nyingine mwakani. Kama anawapelekea wale, watalima pumba.

Hapa ndipo ubaya wa jambo ulipo, na haufai kupakwa sukari. Pakiti ya Lipangalala ilisema mgongoni kile ilichokataza, kwa herufi ndogo lakini ilisema. Mbegu ya Apolonia haikusema kitu. Apolonia aliyemchukia mwenye kufungia mbegu alikuwa ameifunga kwa namna kali kuliko yake, na aliyefungiwa alikuwa mtoto wa mwenye mbegu.

Jumamosi Dativa alikuja peke yake. Alitandaza chini khanga ya marehemu mama yake, iliyopauka mpaka maandishi yake hayasomeki, akapiga magoti mbele yake. Apolonia akammiminia kutoka kwenye ungo.

"Mbona unamimina polepole hivyo, wifi?"

"Uzee."

"Uzee gani, tuko rika moja." Dativa hakugusa punje mpaka ungo ulipokwisha. Kisha akakusanya pembe za khanga akazifunga fundo kubwa, akalipakata. "Mama angekuwepo angeimba," alisema. "Sauti yake mbaya ile."

Wakacheka wote wawili, na Apolonia akamsindikiza hadi barabarani.

Mwezi wa Januari simu ililia.

"Wifi, mbegu haijatoka."

"Labda ndege."

"Ndege wanakula kilichobaki juu. Nimefukua, zipo chini, zimekaa tu."

"Basi mvua zenu za huko."

"Saro ya jirani imeota, tena kwa tuta lililo karibu." Kuku wa Kiberege walilia ndani ya simu. "Nimebakiza kidogo kwenye khanga. Nitazilowesha na kuzivundika, nione kama zitachipua."

"Usihangaike nazo. Mwakani nitakupa nyingine."



"Haya, wifi," Dativa alisema mwisho. "Msalimie kaka."

Mwaka huo mvua haikujua kukata. Aprili mto ulitoka mahali pake ukaja kutembelea watu majumbani. Michenga yote ikawa maji, na madungu, vile vichanja vya kufukuzia ndege mashambani, yakabaki yamesimama kama watu wanaovuka. Apolonia na Nazari walikimbilia shule iliyoko mwinuko, na waliporudi maji yalikuwa yamepungua lakini shamba halikuonekana. Kipande cha kando ya mfereji kilikuwa kimefunikwa na mchanga mweupe, mzito, usio na unyasi hata mmoja. Ukuta wa udongo wa jiko ulikuwa umeanguka, na paa limelala juu yake. Nazari alifukua kwa jembe mpaka akakipata kibuyu. Kilikuwa kimepasuka, na mbegu zilizokuwa ndani zilikuwa zimeota gizani, zikaoza, zimeshikana kama tambi.

Apolonia aliketi chini kwenye matope.

Nazari akamgusa bega. Uso wake haukuwa na huzuni kama ya mkewe. "Usilie kama tuna msiba," alisema. "Dativa anayo. Si ulimpa Novemba? Shamba lake liko juu. Mama aliona mbali yule, alijua mbegu haikai nyumba moja."

Apolonia alianza kuokota vipande vya kibuyu.

"Nitakwenda Kiberege wakivuna," Nazari alisema.

"Nitakwenda mimi."

Alikwenda mwezi wa Julai, kwa bodaboda, amekaza khanga kiunoni. Njia nzima alitunga maneno. Aliposhuka na kuikaribia nyumba ya Dativa, maneno yote yalimtoka, kwa sababu harufu ilikuwa imemfikia tangu njiani. Ilikuwa harufu ya Pigahodi, au ndugu yake wa karibu sana. Alisimama nje kwa muda kabla ya kupiga hodi. Kwa pumzi chache aliamini kwamba mbegu zile ziliota hata hivyo, na kwamba Mungu amemwondolea aibu.

"Karibu, wifi," Dativa alisema. Alimletea maji ya kunawa, akamwekea sahani. "Kula. Huu ni wa dukani kwa Siwema. Zako zilipogoma, ningepanda nini? Nikanunua pakiti."

Apolonia alikula tonge moja. Lilinukia. Alilitafuna akitafuta mahali pa kutofautisha, akapapasa na asipate, wala hakuwa tena na wa nyumbani wa kulinganisha nao.

"Unanukia kama wa mama," Dativa alisema, "au mimi nimeanza kusahau?"

"Wifi, nina neno."

"Sema."

"Mbegu niliyokupa."

Dativa aliendelea kula.

"Niliitia maji ya moto," Apolonia alisema. "Nilidhani Siwema atawapelekea wenye pakiti. Nilidhani umetumwa."

"Najua ya maji ya moto," Dativa alisema. "Zile za kwenye khanga nilizivundika. Siku ya pili zikanuka ubwabwa. Mbegu haiwezi kunuka ubwabwa, wifi, kama haijapita jikoni. Nilijua tangu Januari. Ya kutumwa ndiyo sikuyajua." Alisukuma sahani kando taratibu. "Nikasema nitangoja. Atasema mwenyewe. Februari, Machi. Mafuriko yakaja, nikapiga simu kuuliza mko hai, ukaniambia tuko hai. Nikangoja."

"Nisamehe."

"Siwema ulimwona anapiga picha. Ile picha ameifanya ya kwenye simu yake, kila akiiwasha anakiona kibuyu cha bibi yake. Basi. Hakuna alikopeleka."

Apolonia aliinamisha kichwa. Nje Gasper alikuwa akimfukuza mbuzi, na sauti yake ilisikika kama inatoka mbali.

"Umekuja kuomba msamaha au mbegu?" Dativa aliuliza.

Lilikuwa swali la haki, na Apolonia alilijibu kwa haki. "Vyote. Ya kwangu imeoza. Hakuna tena."

 Dativa akainuka, akaingia ndani, akarudi na ungo wa mpunga aliouvuna. "Pakiti imeandikwa nisimpe mtu," alisema. "Tena Siwema ananiambia ukiipanda tena haitoki kama ilivyokuwa. Mimi nimeamua kumsikiliza mama. Tandaza khanga."

Apolonia alipiga magoti akatandaza. Dativa akammiminia kwa mkono wake, polepole, mpaka ungo ukaisha.

"Hizi sijazichemsha," alisema.

Hakumsindikiza barabarani.

Usiku wa kurudi kwake Apolonia alimweleza Nazari kila kitu. Nazari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mtoto wa mama yangu," na hakusema zaidi, siku hiyo wala wiki hiyo. Jiko alilijenga upya mwenyewe, bila kumwita mkewe kumshikia udongo.

Desemba Apolonia aliisia mbegu ya Dativa kwenye kipande kipya mbali na mchanga. Iliota vizuri. Lakini ilipofika kuchanua, shamba lilikuwa kama watoto wa baba tofauti: mabua mengine marefu, mengine mafupi, mengine yameiva wakati jirani yake bado kijani. Alipokoboa na kupika, harufu ilikuja kidogo, ikapotea kabla haijafika mlangoni. Ndivyo chotara ilivyo ikipandwa tena, Siwema alikuwa amesema kweli. Kama Pigahodi ilikuwa damu ya pakiti ile ya waridi, hakuna aliyemthibitishia Apolonia mpaka leo, na hakuna aliyemkanushia. Aliandikiwa barua na mwalimu wa kijiji kwenda ofisi ya wilaya, kuulizia chumba cha baridi alichokitaja Amedeus na nani ana haki ya kuamsha kilicholala humo. Hakujibiwa.

Deni lilibaki deni. Alipika wali huo wa kwanza, akautia kwenye bakuli, akaufunika kwa kitambaa safi, akaupeleka Kiberege. Dativa alitoka mlangoni, akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akasema asante, akahamishia wali kwenye sahani yake, akaliosha bakuli na kulirudisha. Hakusema karibu ndani.

Pigahodi hailimwi tena Michenga wala Kiberege. Kila Novemba Apolonia hununua pakiti Lipangalala, na Dativa hajafika nyumbani kwa kaka yake tangu Jumamosi ile aliyopewa mbegu.